Kiswahili cha Mama Savita

Hansa, mwajiri wangu wa zamani, alipofariki mwaka jana nilikwenda Croydon kuhani. Ukumbi waliokodi ulikuwa nyuma ya reli ya tramu, viti vimepangwa safu kwa safu, watu wote wamevaa nyeupe, na mimi peke yangu, kwa kutojua, nimevaa nyeusi tupu. Nilivua viatu mlangoni nikakaa nyuma kabisa. Baada ya sala, watu walipoanza kunong'onezana kwa Kigujarati na Kiingereza, nikaona mzee mmoja mwenye mvi anapenya katikati ya viti kuja upande wangu. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Alikuwa Kirit, mdogo wake Hansa, ametoka Kanada kumzika dada yake. Akasimama mbele yangu na kusema kwa sauti ya kumfikia kila mtu: "Wewe! Kaa. Kula." Ukumbi mzima ukageuka. Mimi nikaziba mdomo kwa kiganja, maana nilikuwa nacheka msibani, na yeye akacheka pia, kisha akalia, tukabaki tumesimama pale tumeshikana mikono kama watu wasiojua wimbo unaendeleaje. Binti wa Hansa akaniuliza kwa Kiingereza hiyo ni lugha gani, na mjomba wake kaijifunza wapi. Nikafungua kinywa nimweleze, nikakosa pa kuanzia. Nimerudi nalo Woolwich swali lile, na hapa najaribu kulijibu, ingawa mwaka ule niliokaa kwao Kanada sijawahi kuuelewa sawasawa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikwenda Vancouver nikiwa mtumishi, au mgeni, au mkalimani. Mpaka leo sijaamua.

Wakati ule nilikuwa nahudumia kaunta katika duka la dawa la Hansa. Siku moja mama yangu alikuja kuchukua dawa zake za presha, akaanza kunisemesha kwa Kiswahili mbele ya foleni, nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa tukifanya tangu nikiwa mtoto. Hansa alikuwa akitusikiliza. Mama alipoondoka akanivuta chumba cha nyuma, kwenye maboksi. "Unaelewa kila anachosema?" akaniuliza. Nikamwambia naelewa. Ndipo akanieleza habari ya mama yake, Mama Savita, aliyekuwa akiishi peke yake Vancouver. Alipatwa na kiharusi, na alipozinduka mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na Kigujarati chake kilikuwa kimekwenda, na Kiingereza chake kimekwenda. Kilichobaki kinywani ni Kiswahili, lugha aliyokulia nayo Tanga na ambayo hakuwa ameitumia tangu familia ihamie ng'ambo. Madaktari walisema jambo hilo hutokea. Kirit, aliyetoka Tanga akiwa mtoto wa kubebwa, hakujua hata neno moja, na Hansa mwenyewe alikumbuka maneno machache tu. "Lete. Kuja. Haraka," akanihesabia, kisha akaona haya kidogo, akaniomba niende nikakae na mama yake, nimtunze na kumfasiria. Vijana wa Uingereza wakati ule walipata ruhusa ya kufanya kazi Kanada kwa mwaka bila taabu kubwa. Mama aliposikia alikunja uso. "Kiswahili chako wewe ni cha masikio tu," akasema, "hakina mdomo. Utamwambia nini huyo bibi wa watu?" Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nitajifunza, naye akatikisa kichwa na kwenda kunitafutia koti zito.

Kirit alinipokea uwanja wa ndege. Alikuwa daktari wa meno, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, shati limekunjamana kama amelala nalo. Akaniambia kwamba hapa uwanjani ni Richmond, na kwamba yeye anaishi Surrey, na kama nitapenda kutembea kuna treni ya kunifikisha New Westminster. Nikamtazama nione kama ananitania, maana majina hayo yote ni ya kwetu London. Nilikuwa nimetoka London asubuhi, nimevuka bahari na bara zima, kisha nashushwa katika London iliyomwagwa ikakusanywa vibaya. Mvua ilikuwa inanyesha. Sisi wa London tunajidai tunaijua mvua, lakini ya kwetu hunyesha ikaona haya ikaacha. Ya kule haikuja wala haikuondoka, ilikuwa mkaazi. Watu walitembea ndani yake bila miavuli, kofia za makoti kichwani, bila kuharakisha, na waliposhuka kwenye basi walimshukuru dereva kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, hata kama alikuwa hawaoni. Mabasi yenyewe yalikuwa na vyuma viwili virefu juu vilivyoshika nyaya za umeme, na mara kwa mara vyuma vikachomoka, basi likazimika kati ya njia, dereva akashuka kwenye mvua akavuta kamba kuvirudisha, na hakuna abiria aliyelalamika. Hilo nalo lilinichanganya. Kule Peckham, London, watu wangekuwa wamekwisha kumtukana yeye na ukoo wake.

Mama Savita alikaa katikati ya mji, karibu na ufuo, katika jengo la kioo lililobanana na majengo mengine ya kioo, ghorofa za juu. Nilikuwa nimezoea majengo marefu ya halmashauri ya mji kule London, lakini yale yana kuta. Hapa ukikaa sebuleni unamwona jirani wa ng'ambo akipiga pasi, na wa chini yake akila amesimama, na juu yao mtoto akijifunza fidla bila sauti yoyote kukufikia. Watu walikuwa wengi kupita kiasi na kimya kupita kiasi. Katika upenyo kati ya jengo na jengo ilionekana bahari ya kijivu, na meli za shehena zimetia nanga zinangoja zamu, na kila asubuhi nilizikuta zimegeuka upande mwingine bila kwenda popote. Kirit aliniambia siku ya kwanza, huku akinyoosha kidole kwenye ukungu mtupu, "Pale kuna milima." Niliitikia kwa adabu. Wiki zikapita sikuona mlima, nikaanza kuamini ni usemi wa wenyeji, namna ya kuwapa wageni matumaini.

Jioni ya kwanza Kirit alileta wali, dengu na chapati kutoka mgahawani, akapanga sahani tatu mezani. Mama Savita alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja, macho makali. Nilimwamkia kwa salamu niliyoirudia ndani ya ndege mpaka ulimi ukafa ganzi: "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka soksi, akasema, "Wewe kula jikoni." Nilielewa kila neno na sikuelewa chochote. Kirit akauliza amesemaje, nikamwambia. Masikio yakamwiva kwa haya. Akaanza kumsihi mama yake kwa Kigujarati, naye akamtazama kama mtu anayetazama redio iliyokosa stesheni. "Wewe kula jikoni," akarudia kwangu, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kirit akasema nikae, nisijali. Lakini mimi nilichukua sahani yangu nikaenda nikala nimesimama karibu na sinki, natazama maji yanavyoteremka kwenye kioo. Nilipompigia Mama kwa kadi ya simu nikamsimulia, akasema, "Sikukuzaa mimi London ukale jikoni kwa watu Kanada. Rudi." Nikasema nitarudi mwisho wa mwezi. Nilisema hivyo kila mwisho wa mwezi.

Niligundua upesi kwamba kinywani mwake mlikuwa na Kiswahili namna mbili. Cha kwanza kilikuwa cha dukani: lete, ondoa, futa, wewe hapana sikia, maji hii baridi. Kwa Kiswahili hicho mimi niliitwa "wewe" na sikuwa na jina. Cha pili kilikuja bila taarifa, mara nyingi mchana, mvua ikizidi. Sauti ilipanda, ikawa nyembamba, ya mtoto, na maneno yakatoka laini na kamili kama ya bibi zangu wa Mombasa. "Mwanaasha, hebu sogea nikuegemee. Mwanaasha, nisuke basi, nywele zinaniwasha." Mwanaasha nilikuwa mimi. Nilimuuliza Hansa kwa simu huyo ni nani, akafikiri sana, akasema labda ni yaya aliyemlea mama yake; hakujua zaidi. Basi nikawa watu wawili katika chumba kimoja, na sikuwahi kujua asubuhi nitaamka nani. Nikimsuka, namshika bega, ananiambia nisimwache peke yake gizani. Kisha namletea chai, naye ananitazama kama ninayeiba vijiko. Sikuwa na hakika nikasirike lini na nimwonee huruma lini, na mara nyingi nilifanya yote mawili kwa mpigo, nikaenda kutembea kwenye mvua ili nisimjibu.

Matembezi hayo nayo hayakunisaidia. Nilipita maduka ya vito na makoti ya manyoya, nikavuka barabara chache tu, nikajikuta mtaa ambao watu wanaishi kwenye mahema yaliyolowa kandokando ya njia, wengine wamejikunja wima kwa dawa za kulevya, kama waliosahau kulala chini. Mwanamke mmoja pale aliniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikasema ndiyo. Akaniongoza mpaka kituo cha basi, akanitakia siku njema, akarudi kwenye hema lake. Mji gani huu, nilijiuliza, ambao watu wake wana adabu hivi na hawajui kuwaingiza wenzao ndani? Halafu nikakumbuka ninapokulia mimi chakula.

Siku moja Mama Savita akaanza kudai mbuzi. "Mbuzi iko wapi? Lete mbuzi." Alidai asubuhi, akadai mchana, akalia machozi. Jioni nilimwambia Kirit kwamba mama yake anataka mbuzi. Akakaa kwenye kiti cha chumba cha kulia na kushika kichwa. "Mama yangu hajawahi kula nyama maisha yake," akasema. "Hata yai. Ukipika yai ndani ya nyumba anafungua madirisha." Tukatazamana. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayezungumzia dhambi ya mtu mwingine, "Labda alikula Tanga. Kwa siri. Labda huyo Mwanaasha alimlisha." Niliona anavyoumia: mama aliyedhani anamjua alikuwa akififia mbele yake, na mwingine anajitokeza asiyemjua. Kesho yake akaja na mchuzi wa mbuzi kutoka kwa Mpakistani mmoja wa Surrey, umefungwa karatasi mbili tatu kama kitu cha magendo. Tulipofunua bakuli, Mama Savita akapiga ukelele. "Ondoa! Ondoa uchafu hii!" Na akalisukuma bakuli mpaka likapinduka juu ya zulia. Kirit akabaki ameganda. "Umeona?" akaninong'oneza. "Umeona ametumia mkono gani?" Ulikuwa wa kulia, ule uliokataa kunyanyuka tangu hospitali. Yule mtu alipiga magoti kwenye mchuzi anafuta zulia huku anacheka kwa furaha, na mama yake juu anamfokea kwa lugha asiyoijua.

Nilimpigia Mama nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. "Mbuzi ya kukunia nazi, mwanangu! Kile kigoda chenye meno! Kwani ulimsikia akisema 'mbuzi yuko wapi'? Alisema 'iko wapi.' Masikio yako nayo sasa siyaamini." Nikamwambia bibi huyu husema kila kitu hivyo hivyo, maji hii, uchafu hii, ningejuaje? Mama akakubali kwamba hapo nina haki. Kirit alizunguka mji mzima siku yake ya mapumziko, akaipata katika duka la Wafilipino: kigoda kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno. Alipoiweka mbele ya mama yake, mama aliigusa, akaishika meno kwa kidole, akatulia. Tangu siku hiyo nilikuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi jikoni, Mama Savita kwenye kiti mlangoni ananikosoa: usikune mpaka kwenye kifuu, geuza, unafanya kama mwanamume. Lugha ilikuwa ya amri lakini sauti haikuwa ya dukani, wala haikuwa ya mtoto. Nilishindwa kuiweka mahali.

Mchana mmoja nilikuwa nimepika muhogo kwa tui, nikapakua sahani yake nimpelekee mezani. Niligeuka nikamkuta ameinuka kwenye kiti chake, anashika ukuta, anateremka taratibu mpaka sakafuni. Nikaogopa ataanguka. "Nipishe, Mwanaasha," akasema, akanyoosha miguu juu ya vigae, akapiga sakafu kando yake ili nikae. Tukala sahani moja, chini, migongo yetu imeegemea kabati la sinki. Alikula kwa mkono wa kushoto na hakujali. Akamega kipande cha muhogo, akakichovya kwenye tui, akanitia mdomoni kama unavyomtia mtoto. Kisha akainama sikioni mwangu. "Usimwambie mama kama nimekula huku," akasema. "Atanipiga. Lakini mimi nakula jikoni siku zote, jikoni ndiko kuzuri." Nilikitafuna kile kipande mpaka kikaisha ladha. Nje mvua ilikuwa imekatika, nikasikia ndege ndogo, mojawapo ya zile zinazotua juu ya maji, inapita karibu na madirisha. Nilikuwa nikiifikiria jioni ile ya kwanza. Je, alinifukuza mezani, au alinielekeza mahali alipopaona pazuri kuliko pote? Kiswahili cha siku ile kilikuwa cha dukani, nilikisikia kwa masikio yangu. Lakini masikio yangu yalikwisha kusikia mbuzi wa nyama. Nilimsimulia Mama usiku wa London. "Muulize," akasema. Nilimuuliza Mama Savita kesho yake, kwa Kiswahili changu cha kujikwaa: siku ile, uliponiambia kula jikoni, ulitaka nini? "Lete chai," akasema.

Katika majira hayo ya baridi nilianza kusikia mambo yasiyonihusu. Kuta za jengo lile zilikuwa nyembamba, na Kirit akija jioni alikuwa akiingia bafuni, anafungua bomba, na kuzungumza na dada yake kwa simu, kwa Kiingereza. Ndivyo nilivyojua kwamba mkewe ameondoka na viti karibu vyote vya nyumba ya Surrey. Nilijua kwamba wanafikiria kumpeleka mama kwenye nyumba ya wazee, kwa kuwa mwaka wangu utakwisha na hawatapata mwingine kama mimi. Maneno hayo, mwingine kama mimi, yalinishangaza. Sikujua niko kama nini. Na siku moja nikamsikia akisema juu ya sauti ya maji, "Hansa, hanijui. Ananitazama kama fundi bomba. Anajua jina la yaya aliyekufa, langu halijui." Nilikuwa nakunja nguo ukumbini. Nikabaki nimeshika shuka bila kulikunja.

Ukaja mwezi wa kuamua. Akaja bibi mmoja wa ustawi wa jamii, mwenye viatu vya mvua na sauti ya upole, akakaa mezani. Kirit akakaa mkabala. Hansa alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati, analia kidogo huko Croydon. Mama Savita alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Siku hiyo anga lilikuwa limefunguka ghafla, na kwa mara ya kwanza milima ilikuwa pale kweli, mikubwa, myeupe, karibu kiasi cha kutisha, kama watu waliosimama nyuma yako kimya muda wote unaozungumza. Bibi wa ustawi akasema kwamba haki ya kuamua ni ya mzee mwenyewe, na akaniomba nimuulize anataka kuishi wapi. Nilipiga magoti mbele yake. "Mama," nikasema, "wanauliza, unataka kukaa wapi? Hapa, au nyumba nyingine yenye watu wa kukutunza?" Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo. Hakunitazama. Alimtazama Kirit, mikono yake, kola yake iliyopwaya shingoni. Akasema, "Huyu mtoto amekonda. Nani anampikia?"

Wote walikuwa wananingoja. Nikafasiri: anauliza nani anampikia. Kirit akainama mbele. "Anamsema nani?" Nikasema, wewe. "Amesema neno gani hasa? Amesema mtoto wangu, au amesema mtoto, mtoto yeyote?" Nikafikiri. Hakusema mwanangu. Alisema huyu mtoto, neno ambalo mama wa Kimombasa humwitia hata jirani mwenye ndevu, na pia ndilo neno ambalo mama yangu hulitumia kunitaja mimi kwa shangazi zangu mpaka kesho. Kwa Kiingereza ningelazimika kuchagua. "Amesema mtoto," nikamwambia. "Kiswahili hakisemi zaidi ya hapo." Kirit akaegemea kiti. Akatoa miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha, akaitoa tena. Bibi wa ustawi akauliza kwa upole kama mzee amejibu swali. Kisha Kirit akainuka, akaenda akachuchumaa karibu na kiti cha mama yake, akaniuliza bila kugeuka, "Kwa Kiswahili unasemaje, hakuna anayenipikia?" Nikamwambia. Akalisema vibaya, silabi zimekwama, mama yake akamsikiliza amekunja uso, akaelewa. "Basi kaa," akamwambia. "Kula hapa."

Jumamosi iliyofuata Kirit alihamia kwa mama yake na masanduku mawili, akalala kwenye sofa. Habari ya nyumba ya wazee haikutajwa tena. Alinitaka nimfundishe, nikamfundisha nilichokuwa nacho, na nilichokosa nilimpigia Mama, ambaye sasa alikuwa akikaa karibu na simu na majibu tayari. Lakini Kirit hakuwa na sikio, na katika kila sentensi niliyompa aliweza kubaki na kichwa chake tu: kaa, kula, lala, vaa, kunywa. Baada ya miezi alikuwa akimwamrisha mama yake kwa Kiswahili kilekile ambacho watu wake waliwaamrishia watu wangu, na mama yake alikuwa anafurahi. "Unanifokea?" alimwambia siku moja, anacheka mpaka ushungi unamdondoka. "Haya, nimekula, tazama." Niliwasikiliza nikiwa nimekaa mezani. Ndiyo, nilikuwa nakula mezani kufikia wakati huo. Sikumbuki ni lini nilihamia, wala nani alisema nihamie. Miti ya mitaa yote ikachanua maua ya rangi ya waridi, maua yakadondoka kwenye madimbwi, watu wakatoka nje wakasimama wakiyapiga picha kama hawajawahi kuyaona. Nilijua sasa mahali pa kushukia basi, nami nikimshukuru dereva. Siwezi kusema niliuelewa mji ule. Niliuzoea, basi.

Niliondoka mwishoni mwa kiangazi. Mama Savita alikuwa ameketi kwenye kiti chake, Kirit ananishikia sanduku. Nilimwinamia nikamwambia, mama, nakwenda, tutaonana. Nilitaraji jina moja au jingine, hata "wewe" ningeipokea. Akaniangalia usoni, akanipangusa kitu shavuni ambacho nadhani hakikuwapo. "Funga mlango vizuri," akasema. "Baridi inaingia." Nikaufunga. Aliishi miaka mingine michache, Hansa aliniambia, na hakurudiwa na Kigujarati wala Kiingereza, na Kirit alibaki naye mpaka siku ya mwisho.

Mama alikuja kunipokea Heathrow. Alisimama nyuma ya vizuizi, amenunua koti jipya kwa ajili ya siku hiyo, ananipungia mkono kama nisingemwona. Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimemjibu kwa Kiingereza, na sikuwa nimepanga lolote. Nilikuwa nimechoka, sanduku zito, nikamwambia ambalo lilikuwa la kwanza kinywani: "Mama, kuja hapa. Shika begi hii. Haraka, twende." Mama akasimama palepale. Watu wakatupita kulia na kushoto na mizigo yao. "Nani anaamrishwa hapa?" akaniuliza. Nikataka kuomba radhi, nikagundua kwamba neno la kuomba radhi kwa Kiswahili sikuwa nimefundishwa na yeyote. Mama Savita hakuwahi kulihitaji. Mama akaona ninavyohangaika. Uso ukaanza kumvunjika, akashika kizuizi, akacheka mpaka mlinzi akageuka. "Begi hii," akarudia, anajifuta macho. "Begi hili, Rukia. Hili. Na husemi kuja, unasema njoo. Na mimi ni mama yako, unasema tafadhali." Nikasema tafadhali. Akachukua begi.

Njia nzima aliniuliza maswali ya kipuuzi. Nilikula nini asubuhi? Nani alikuwa akinifulia? Mvua ya kule ni ya namna gani? Alijua majibu yote, nilikwisha kumwambia kwa simu. Alitaka tu kunisikia nikijibu. Nami nilijibu, nakosea, kwa lafudhi ya mwanamke wa Kihindi wa Tanga, naye ananirekebisha neno baada ya neno, na kila akinirekebisha ananipigapiga goti. Katika basi la mwisho nilianza kumweleza habari ya milima, jinsi ilivyokuwapo siku zote nisiione, na nikakosa neno, yeye naye akakosa, tukalitafuta wote wawili tumeinamiana vichwa. Tulipoinua macho kituo chetu cha Woolwich kilikuwa kimeshapita, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kubonyeza kengele.